Gemu la Ngome na Kibaraza cha Nassir

Verdiana alikuwa na ugomvi na jua, na mvua nayo hakuipenda. Kwa miaka alikaanga chapati kando ya barabara kuu pale Mikumi, mabasi ya Iringa na Mbeya yanapopumzika, na miaka yote hiyo juu ya kichwa chake hapakuwa na kitu isipokuwa kitambaa. Jua likiwaka linamwakia yeye na kikaango chake. Mvua ikija anafunika unga kwanza, halafu anauhangaikia moto, halafu ndipo anajikumbuka mwenyewe. Na hapo hapo, mbele ya fremu ya duka la Nassir, kulikuwa na kibaraza cha saruji chenye bati jipya juu yake, kimekaa bure. Waliokitumia ni kuku.

Hicho kibaraza kilimnyima raha. Abiria akishuka basi, kitu cha kwanza kukiona ni kile kibaraza. Mwenye jiko lake pale angeuza hata siku za mvua, angeweka benchi, angeongeza supu. Verdiana hakutaka makuu. Alitaka paa, na paa lilikuwepo, linawakinga kuku.

Nassir hakuwa mtu baki. Babu yake Verdiana alitoka Songea, babu yake Nassir alitoka Tabora, wote wawili waliletwa kama manamba kukata mkonge upande wa Kilosa, na wajukuu walikulia kambi moja karibu na Kimamba. Mngoni na Mnyamwezi, watani. Asiyejua mambo ya utani na aambiwe mapema asije akapotea njiani: mtani anaweza kukuita mwizi wa ng'ombe mbele ya wakwe zako, akaingia jikoni kwako akafunua sufuria akachagua mnofu, akavaa viatu vyako akaondoka navyo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na watu watasema hukufunzwa kwenu. Dawa yake ni moja tu, umrudishie palepale tena umzidishie. Verdiana na Nassir walirudishiana hivyo tangu wakiwa wadogo, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake.

Kisha mkonge ukadorora. Verdiana alikuwa chumba cha brashi kiwandani, wanakosafisha nyuzi za mkonge, akapunguzwa pamoja na wenzake, akapanda treni ya Kidatu na kushuka Mikumi na watoto wawili na kikaango. Nassir yeye aliidaka mapema ruksa ya watu kufanya biashara. Alianza na mitumba, akaingia kwenye betri na redio, akajenga fremu, moja yake na nyingine za kupangisha, na mwaka ambao televisheni zilianza kuonekana huku bara, akaleta ya kwake, ya rangi, pamoja na kisanduku cha gemu. Vijana wakajaa. Ulikuwa ukipita unasikia kinanda chembamba kikilia tiriri-tiriri mchana kutwa, na katikati ya kinanda, watu wakiguna.

Waliguna kwa sababu gemu lenyewe lilikuwa halishindiki. Vijana waliliita Ngome. Lilikuwa na dada mdogo mwenye joho jekundu na upanga, amechorwa ubavu tu kama picha ya pakiti ya kiberiti, haangalii mbele wala nyuma, anakwenda kulia siku zote. Mfalme wa ngome ameuiba mwezi, dada anaufuata. Njiani kuna popo wenye nyuso za watu, mifupa inayorusha mifupa, na vyungu vinavyotembea. Unapewa roho tatu. Zikiisha unarudi mwanzo kabisa, hata kama ulikuwa umebakiza mlango mmoja. Madereva wa malori ya Zambia, watu waliokwisha kuteremka mlima Kitonga usiku bila breki, walikuwa wakitoka mle ndani wakitukana.

Siku moja ya masika mvua ilishuka ghafla, na Verdiana akauhamishia unga wake kibarazani bila kuomba. Nassir akatoka mlangoni.

"We Mngoni, nani kakuruhusu? Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe yupi, huyu kuku?"

Watu waliojikinga mvua wakaangua kicheko. Nassir naye akacheka, kisha akapandisha sauti ili wote wasikie. "Haya basi, jamani muwe mashahidi. Huyu Mngoni akiimaliza Ngome, kibaraza hiki chake. Nakwenda kukaa juani mimi, namkaangia chapati!"

"Umesema?"

"Nimesema mimi mwana wa Bi Mwanne."

Hapo ndipo Verdiana alipokosea, na kosa lake angeweza kulifanya mtu mwenye mtani tu. Aliamini kwamba matusi ya watani ni upepo, ila dau la watani si upepo. Baba yake mwenyewe aliwahi kubishania mieleka na Mnyamwezi wa kambini, akashinda, na mbuzi akaletwa mlangoni asubuhi yake, huku yule Mnyamwezi akimtukana njia nzima. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Kwa hiyo Verdiana alipofuta mikono yake kwenye kanga na kuingia ndani ya fremu, hakuingia kucheza.

Mwanzoni vijana walimpisha kwa dhihaka. Mama chapati kashika rimoti! Dada mwekundu alikufa kwenye daraja la kwanza, akafa tena palepale, na fremu nzima ikapiga makofi. Lakini vidole vilivyozoea kugeuza chapati kwenye chuma cha moto si vidole vya kuchezewa. Kila mchana, basi moja likishaondoka na jingine bado, Verdiana alilipa kama wengine na kukaa kwenye stuli. Mvua za masika zilipokata, alikuwa anafika mahali ambapo vijana walikuwa hawajawahi kupaona.

Na kadiri alivyolijua gemu lile ndivyo alivyolichukia, na alikuwa hafichi.

"Mtu aliyetunga hiki kitu ningempata," alikuwa akisema bila kutoa macho kwenye kioo, "ningemkamata shati nimuulize maswali mawili matatu. Ona. Nimeruka. Nikisharuka siwezi kujigeuza hewani, sawa, hata mimi nikiruka mtaro siwezi kujigeuza. Hilo sina neno nalo. Lakini kwa nini popo atoke sasa hivi, nikiwa juu? Hakuwepo! Kanisubiri. Na akinigusa, narushwa nyuma. Na nyuma kuna nini? Shimo! Kila mahali nyuma yangu kuna shimo. Huyo si popo, huyo ni mtu mwenye roho mbaya."

Vijana walicheka, lakini walianza kukaa kimya ili wasikie. Aliyasema yale waliyoyahisi wasiweze kuyapatia maneno. Alionyesha kwamba ngazini dada hawezi kuutumia upanga, na kwamba mifupa inajua hivyo. Alikasirishwa zaidi na mkate wa kurudisha nguvu, ambao ulifichwa ndani ya ukuta usio na alama yoyote. Aliukuta kwa bahati, alipokosea akapiga ukuta badala ya chungu.

"Nani mwenye akili zake atapiga ukuta ili apate mkate?" alifoka. "Unajengea watu njaa halafu unaficha chakula ukutani. Mngeniambia jamani, hata alama ya chaki!"

Asidhaniwe kuwa hakuona uzuri. Kulikuwa na hatua ya mtoni, maji ya buluu yanatembea taratibu chini ya miti myeusi, na kinanda kinashuka sauti. Pale Verdiana hakufoka. Alisema tu kwamba aliyeyachora maji yale aliyapenda maji, na kwamba haelewi ilikuwaje mtu huyo akakubali kufanya kazi na yule wa popo. Hata ugumu wenyewe hakuukataa. Jitu la mlangoni lenye rungu lilimuua mara nyingi kuliko adui mwingine yeyote, na alilisifia. "Hili lina haki. Likitaka kupiga linainua bega kwanza. Ukifa, umekufa kwa uzembe wako. Linanifundisha. Wale popo hawanifundishi kitu, wananicheka tu."

Kule nje, Nassir alikuwa akipita mlangoni akimrushia maneno, Mngoni leo umekufa mara ngapi, na Verdiana akimrudishia, mzigo wa bwana wako umeutua wapi, Mnyamwezi. Utani wa kawaida. Ila siku zilivyokwenda, Nassir alipita mara chache zaidi.

Kisha ikatokea. Alasiri moja tulivu, dada mwekundu alimkata mfalme wa ngome, mfalme akayeyuka, na mwezi ukashuka kutoka juu ya kioo mpaka mikononi mwake. Fremu ililipuka kwa shangwe. Kijana mmoja alipanda juu ya benchi. Verdiana alisimama, stuli ikaanguka nyuma yake, na jambo la kwanza alilofanya ni kuangalia kibaraza kupitia mlangoni. Alikuwa ameshaona pa kuweka benchi.

Lakini kwenye kioo yalitokea maandishi ya Kiingereza. Mwalimu Godfrey wa sekondari, aliyekuwa akipita na baiskeli yake, aliitwa ayasome. Alisoma, akasita, akasoma tena.

"Anasema... mwezi huu ni wa uongo. Mfalme amekucheka. Rudi ulikotoka ukautafute wa kweli."

Na dada mwekundu alikuwa amesimama pale pale pa mwanzo, kwenye daraja la kwanza, na popo walikuwa mara mbili ya wale wa zamani.

Nassir alicheka hadi akashika ukuta. "Umesikia Mngoni? Bado hujamaliza! Gemu lenyewe limekutania!"

 Hasira ilimpanda Verdiana mpaka machozi yakamlenga, na aliyazuia kwa nguvu zote, maana mtani halii. Usiku ule hakula. Alikuwa amelitukana gemu lile kwa miezi, lakini hakuwahi kudhani lingeweza kuwa chafu kiasi kile. Kumficha mtu mkate ni uchoyo. Kumpa mtu ushindi mkononi kisha kumwambia ulikuwa wa kumchekea, alikosa jina lake.

Hata hivyo alirudi. Alisema atauleta mwezi wa kweli, na watu wakamwamini. Habari zilivuka. Walikuja wakata miwa kutoka Ruaha siku yao ya mapumziko, wakaja hata watu waliokuwa wamefuata mnada tu. Siku ya mnada fremu ilijaa hadi dirishani, na Verdiana akawa anakwenda, anakwenda, popo huku popo huku, ameshayakariri yote, mkate wa ukutani ameupiga bila hata kuutazama, na roho zake tatu bado zote tatu. Jitu la mlangoni aliliangusha. Mfalme akatokea. Kimya kilikuwa kimeshika mpaka unasikia mafuta ya jirani yakichemka barabarani.

Alimkata mfalme mara ya kwanza. Alimkata mara ya pili.

Kioo kikazima.

"Mgao!" sauti ya Nassir ilipasua kimya. "Jamani mgao! Umeme wamekata!"

Watu wote wakageuka. Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Taa ya duka la dawa ilikuwa inawaka. Nassir alikuwa amesimama kwenye kona, waya wa umeme wa televisheni na gemu unaning'inia mkononi mwake, anacheka na meno yote nje, amefurahi kama mtani anavyofurahi akimpatia mwenzake. Na watu, wakielewa kwamba ni utani, nao wakacheka.

Verdiana aliweka rimoti chini taratibu.

"Usikasirike, dada," mtu mmoja alimwambia. "Si mtani wako?"

"Sikasiriki," alisema. "Naomba niseme habari za gemu. Mmenisikia nikilisema siku zote, leo namalizia."

Alisimama katikati ya fremu, na sauti yake haikupanda, jambo lililowatisha waliomjua.

"Gemu hili ni gumu. Watu wanalisifu kwa ugumu. Mimi nimekulia kwenye mkonge, ugumu nimeujua kabla ya kujua kusoma, na nawaambia ugumu hauna sifa yoyote peke yake. Lile jitu la mlangoni ni gumu, lakini mimi nalipiga, nalo linanipiga, tunaonana uso kwa uso, hata kama limechorwa ubavu. Tumetaniana mimi na lile jitu. Sasa huyu mfalme? Yeye anakaa mwisho wa safari. Ukimkaribia anahamisha mwisho. Ukimshinda anasema hukushinda, ilikuwa mzaha. Wewe umetoka jasho, yeye amecheka. Wewe unaweza kupoteza, yeye hawezi kupoteza kitu kamwe, maana waya anao yeye. Mchezo ambao mmoja hawezi kushindwa siuiti mchezo. Na utani ambao mmoja hawezi kurudishiwa siuiti utani. Una jina lake, mnalijua, sitalitaja kwa sababu nimefunzwa."

Hakuna aliyecheka. Nassir alikuwa bado na waya mkononi, na sasa hakujua pa kuuweka.

"Mngoni," alisema, "acha basi. Nitachomeka, utaanza tena."

"Hapana," Verdiana alisema. "Asante, Bwana Nassir."

Wageni hawakusikia kitu katika jibu hilo. Waliokulia kambini walisikia. Mtani haitwi Bwana.

Kesho yake asubuhi Verdiana alipofika na jiko lake alikuta gari dogo limeegeshwa mbele ya fremu, na watu wanateremsha jokofu la soda. Waliliweka kibarazani, palepale alipokuwa ameshaliona benchi lake. Mwenye jokofu, mfanyabiashara wa Morogoro, aliagiza chapati akiwasubiri wapakuzi, na katika kuzungumza tu, bila kujua anazungumza na nani, akasema alikubaliana na Nassir kuhusu kibaraza tangu kabla ya masika.

Tangu kabla ya masika! Yaani siku ile ya mvua, aliposimama mlangoni akiita mashahidi na kuapa kwa jina la mama yake, kibaraza kilikuwa kimeshapewa mtu. Aliwekea dau kitu ambacho tayari hakuwa nacho, akamwangalia mwanamke akitoka jasho miezi mizima, akachukua hela yake kila mchana, na kama angeulizwa angesema, nilikuwa natania. Verdiana aligeuza chapati iliyokuwa kikaangoni. Iliungua, akaitupa, akaweka nyingine.

Tangu siku hiyo alimpa Nassir heshima. Akipita, anamwamkia, habari za asubuhi, Bwana Nassir. Nassir alijaribu kila njia. Alimwita mwizi wa ng'ombe mbele ya basi zima, na Verdiana akatabasamu kama mtu anayemsamehe mgeni. Alijichukulia chapati bila kulipa, na Verdiana akampa na karatasi ya kufungia. Alimvua kitambaa kichwani akakimbia nacho, na Verdiana akakaa kichwa wazi mpaka jioni, hakudai. Kumtania mtu asiyekurudishia ni kazi ya aibu, na Nassir alianza kuonekana mjinga barabarani. Hatimaye aliacha. Watu walisema wamezoea kumwona mtu akifokewa na Verdiana, na kwamba ile adabu ilitisha zaidi.

Mwaka uliofuata Bi Mwanne, mama yake Nassir, alifariki. Msiba uliwekwa nyumbani, nyuma ya soko. Verdiana alikwenda. Alivaa kanga mbili, akakaa jamvini na wanawake wengine, akamenya vitunguu, akalia kimya kimya kama anavyolia jirani yeyote.

Wazee waliotoka Kimamba walikuwa wanamtazama. Kwenye msiba mtani ana kazi yake, na kazi hiyo haifanywi na mwingine. Baba yake Verdiana alipozikwa, Nassir alikuwa ameingia amevaa koti na kofia ya marehemu, akakaa kwenye kiti chake, akakohoa kama yeye, akadai chai, na mama yake Verdiana, aliyekuwa hajasema neno tangu siku iliyotangulia, alicheka na kulia kwa pamoja, na hapo ndipo alipoweza kunywa uji. Verdiana alikumbuka hilo. Alilikumbuka vizuri sana akiwa na kisu mkononi, na alimpenda Bi Mwanne, na miguu yake ilitaka kuinuka akazuie mlango, amwambie marehemu haendi popote mpaka alipe chapati alizokula. Alijibana pale pale jamvini.

Nassir alikuja mpaka ukingoni mwa jamvi la wanawake, macho mekundu.

"Verdiana," alisema kwa sauti ndogo. "Mama anatoka. Hakuna wa kumtania."

Verdiana alimwangalia. "Pole sana kwa msiba, Bwana Nassir. Mungu akutie nguvu."

Jeneza lilipita mlangoni bila kuzuiwa na mtu. Lilipita upesi sana, na wanawake wazee waliinamisha vichwa.

Matanga yalipokwisha kuanuliwa, Nassir alikuja barabarani asubuhi, akasimama upande wa pili wa jiko. Alikuwa amekonda. Alisema mkataba wa jokofu umekwisha, na mwenye nalo atalichukua wiki ile. Alisema alikosa, tena alikosa akijua. Alisema kibaraza ni chake Verdiana, achukue leo, mbele ya shahidi yeyote amtakaye, na kama anataka kumtukana kwanza, amtukane, atafurahi.

 Verdiana alipangusa mikono yenye unga.

"Kibaraza nakihitaji," alisema. "Wapangaji wako wengine wanakulipa shilingi ngapi kwa mwezi?"

Nassir alitazama chini. Alitaja bei, na Verdiana hakuomba apunguziwe.